Mvua ya Nakuru Isiendelee Kutupwa

Barua ya wazi kwa Serikali na Bunge la Kaunti ya Nakuru

Mheshimiwa Gavana, Mheshimiwa Spika na waheshimiwa wawakilishi wadi,

Mimi ni mkazi na mlipa kodi wa kaunti hii. Nawaandikia kuhusu maji. Kilio cha maji mmekisikia katika kila mkutano wa hadhara tangu siku mlipokuja kuomba kura, kwa hiyo sitatumia karatasi kuwaeleza kwamba kuna mitaa ambako mfereji hufunguliwa usitoe kitu. Hilo mnalijua. Ninalotaka kuwaambia ni kwamba maji tunayoyalilia hutuangukia vichwani kila mwaka, na sisi, kwa mitaro yetu, kwa vibali vyetu vya ujenzi na kwa bajeti zetu, tumeyafanya kuwa taka ya kuondolewa mjini upesi.

Nakuru umekaa mteremkoni. Mlima Menengai uko juu, Ziwa Nakuru liko chini, na katikati yake kuna mabati, lami na saruji. Udongo wetu ni wa majivu ya volkeno, mwepesi, wenye kunywa maji ukiachwa wazi. Tumeufunika. Kila ploti iliyojengwa na kila ua uliosakafiwa umeondoa mahali ambapo mvua ilikuwa ikizama. Sasa mvua kubwa ya Aprili ikipiga ubavu wa Menengai, maji hayana pa kuingia. Huteremka yakizoa taka, zikiwemo za jaa la Gioto, yakakata barabara na kujaa katika mitaa ya chini kabla ya kumwagika ziwani. Watu wa Rhonda, Kaptembwo na Mwariki huyachota ndani ya nyumba zao kwa ndoo wakayatupa nje. Haupiti muda mrefu kabla ya watu hao hao kupanga mitungi kando ya barabara, wakimngoja mwenye mkokoteni aje awauzie maji.

Ziwa lenyewe ni shahidi. Katikati ya miaka ya 1990 lilikaribia kukauka. Kuanzia 2010 hivi likageuka, likaanza kupanda na kupanua kingo zake mwaka baada ya mwaka. Lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 40 hivi. Kufikia 2020 lilikuwa limepita 60. Lango kuu la zamani la Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru likamezwa na maji, nyumba na mashamba ya watu wa Mwariki na Barut yakafuata, na heroe walioufanya mji huu ujulikane duniani wakahamia Bogoria na kwingineko, kwa kuwa maji mapya yaliyazimua magadi ambamo chakula chao hustawi. Ripoti ya serikali ya kitaifa ya 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa ilitaja ongezeko la mvua na mabadiliko ya tabianchi kuwa sababu kubwa, na ikaonya kuhusu ardhi iliyoharibiwa kwenye vyanzo vya mito: maji hukimbia juu ya ardhi yakibeba udongo, badala ya kuzama.

Sisemi kwamba matangi ya nyumbani yatalirudisha ziwa lilikotoka. Ziwa hulishwa na mto Njoro, Makalia, Nderit na mingine, na mvua ya bonde zima. Nasema tu kwamba kaunti inayokumbwa na mafuriko na kiu katika mwaka mmoja haina haki ya kujiita maskini wa maji.

Na hali hii haitapoa. Mvua zilikosa kunyesha sawasawa katika sehemu kubwa ya nchi kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, ukawa ukame mbaya zaidi katika miaka 40. Halafu ikaja masika ya 2024, na karibu watu 300 nchini wakafa kwa mafuriko. Ndani ya kaunti yetu, alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa na magogo na matope kwenye njia ya maji chini ya reli yalipasua na kushukia vijiji vya Mai Mahiu, yakaua watu zaidi ya 45. Hapo tulikuwa bado tunaomboleza Solai, ambako ukuta wa bwawa la udongo katika shamba la mtu binafsi ulibomoka usiku wa Mei 9, 2018, ukaondoka na watu wasiopungua 47, wengi wao watoto na wanawake. Ninayataja mambo haya mawili kwa sababu ukiwaambia viongozi wetu neno "kuvuna maji", akili yao huruka moja kwa moja hadi kwenye bwawa kubwa. Solai inatufundisha kwamba maji mengi yaliyorundikwa juu ya vichwa vya watu, bila mkaguzi, ni hatari kama yale yanayokimbia ovyo. Maji yakigawanywa katika maelfu ya matangi madogo, nyuma ya kila nyumba na kila darasa, hayawezi kuua kijiji.

Sasa naomba mnivumilie nikae kidogo kwenye jambo ambalo viongozi hulitaja mara chache, ingawa liko wazi kwa yeyote anayetazama vinywa vya watoto wetu.

Mkitembea Njoro, Rongai, Gilgil au mitaa mingi ya mji wenyewe, mtaona vijana wenye meno ya kahawia, mengine yenye vishimo. Nimeona wasichana wakicheka huku wameziba midomo kwa viganja. Si kwamba hawapigi mswaki. Ni madini ya floraidi yaliyo ndani ya maji ya kunywa. Miamba ya Bonde la Ufa ni ya volkeno, na maji yanayokaa muda mrefu ndani yake huyeyusha floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Visima virefu vingi vya eneo letu hupita hapo, vingine mara kadhaa. Mtoto anayeyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajiunda ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni hadi miaka minane hivi, atayachipua yakiwa yameshaharibika, na hakuna dawa ya meno itakayoyarudisha. Akiendelea kuyanywa kwa miaka mingi pale ambapo kiwango ni cha juu sana, mifupa na viungo navyo hukakamaa. Na mama anayedhani anamkinga mwanawe kwa kuyachemsha anapaswa kuambiwa ukweli: kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke, yaliyobaki huwa na floraidi kali zaidi.

Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ililiona jambo hili mapema. Kwa miaka mingi kitengo chake cha ubora wa maji kimetengeneza machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo hunasa floraidi, na kazi hiyo imesomwa na wataalamu kutoka nchi za nje. Ni kazi ya heshima kubwa. Lakini mkaa huo huchoka, lazima ubadilishwe, na mwenye mapato ya kibarua hawezi kuubadilisha bila msaada. Wakati huohuo sisi tunaendelea kuchimba visima. Mji unategemea sana visima vya Kabatini, Olobanita, Baharini na vinginevyo, pamoja na maji ya mito kama Turasha. Kila lita ya kisima huvutwa na umeme kutoka chini sana, na bili ya umeme huja kukaa katika bili yangu na ya jirani yangu.

Mvua karibu haina floraidi kabisa.

Waheshimiwa, fikirini juu ya hilo. Maji yaliyo salama zaidi kwa meno na mifupa ya mtoto wa Nakuru ndiyo yale tunayoyasukuma mtaroni yakachanganyike na taka za Gioto, ili kesho tumchotee mtoto huyo ya kisimani.

Hesabu ni rahisi, na mtu yeyote anaweza kuirudia. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Nakuru hupata milimita 900 hivi kwa mwaka wa kawaida. Chukueni nyumba ndogo yenye paa la mita za mraba 60. Paa hilo hunyeshewa lita 54,000 kwa mwaka. Toeni sehemu moja ya tano kwa yanayoruka, yanayovukia na ya mwanzo yanayomwagwa kwa sababu yameosha vumbi na kinyesi cha ndege. Zinabaki lita 43,200, yaani mitungi 2,160 ya lita 20. Hata tukiuhesabia mtungi shilingi 10 tu, hayo ni maji ya zaidi ya shilingi 21,000 yaliyopita juu ya familia hiyo. Yakigawanywa kwa siku za mwaka ni lita 118 kila siku. Kwa nyumba ya watu watano, kila mmoja hupata karibu nusu ya lita 50 ambazo mji wa Cape Town ulimpimia kila mkazi 2018, ulipokuwa ukihofia kufunga mifereji yote. Na hapo hatujagusa bomba wala kisima.

Najua pingamizi. Mvua haiji kidogo kidogo kila siku. Huja kwa kishindo halafu ikaondoka, na Januari na Februari hapa kwetu ni vumbi tupu. Tangi la kuhifadhi lita zote 43,200 ni ghali na halina pa kuwekwa kwenye ploti ya mjini. Ni kweli. Ndiyo maana sitaki mtu aahidiwe kwamba tangi litamtosheleza kwa kila kitu. Tangi la lita 5,000 likijaa na likatengwa kwa kunywa na kupikia tu, lita 5 kwa kila mtu kwa siku, litawafikisha watu watano siku 200. Hapo kiangazi chetu kimevukwa. Maji ya kisima yabaki ya kufulia, kuogea na kupigia deki, kazi ambazo floraidi haizidhuru. Mgawanyo huu mmoja, mvua kwa mdomo na kisima kwa ndoo, ungeokoa meno ya kizazi kizima, na hauhitaji mkopo wa nje.

Haya si mageni kwa watu wa lugha yetu. Katika visiwa vya Lamu, hasa Pate, ambako kisima huleta maji ya chumvi, wazee walijenga majabia: sakafu pana iliyosakafiwa vizuri, inayoielekeza mvua kwenye birika lililofunikwa. Kule mvua hupokelewa kama mgeni. Huko Bermuda, visiwa visivyo na mto, sheria ya ujenzi hudai paa la kila nyumba livune maji na tangi lake liwe sehemu ya nyumba. Jimbo la Tamil Nadu huko India lilifanya uvunaji wa mvua kuwa lazima kwa majengo yote 2003, na katika miaka iliyofuata maji ya visima vya Chennai yalipanda. Lakini someni na mwisho wake. Mwaka 2019 mabwawa makubwa ya Chennai yalikauka, watu wakapanga foleni za malori ya maji, na ikaonekana kwamba mitambo mingi ya kuvuna mvua ilikuwa imejengwa ili kumridhisha mkaguzi, kisha ikaachwa izibe. Sheria bila ukaguzi wa kila mwaka ni karatasi.

Hata hapa kwetu, nendeni Naivasha mkaone. Mashamba ya maua hukinga mvua juu ya mapaa ya vivungulio na kuielekeza kwenye mabwawa yaliyotandikwa nailoni, kwa sababu wenye mashamba wamepiga hesabu wakaona maji hayo ni bora kwa waridi na hayalipiwi umeme wa kuyavuta kutoka chini. Ikiwa waridi linastahili maji ya mvua, mtoto wa darasa la kwanza anayastahili zaidi.

Jukumu hili la maji sheria imeliweka mikononi mwenu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne linazipa kaunti huduma za maji, mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, na uhifadhi wa udongo na maji. Hakuna haja ya kuingoja Nairobi. Idara yenu ndiyo huidhinisha ramani ya kila jengo. Tazameni gorofa zinazoota Kiamunyi, Ngata, Lanet na Naka: mapaa makubwa, na maji yake yote yanaelekezwa barabarani. Kama sharti la kuvuna mvua lipo kwenye karatasi, halionekani juu ya majengo. Liandikeni wazi kwamba jengo lisilo na gata, tangi na shimo la kuzamisha ziada ardhini halitapewa cheti cha kuingia watu. Wataalamu wa miamba wapime kwanza mahali pa kuchimbia mashimo hayo, kwa kuwa kuna sehemu za mji wetu ambako ardhi hupasuka na kudidimia mvua ikizidi, na hatutaki kuleta balaa jingine.

Wenye nyumba ndio mnapaswa kuwalenga. Wengi wa wakazi wa Kaptembwo, Rhonda, Bondeni na Free Area ni wapangaji. Mpangaji hawezi kupachika gata kwenye paa lisilo lake, wala hanunui tangi atakaloliacha akihamishwa. Semina za kuwahimiza wananchi "wahifadhi maji" hazimsaidii mtu huyu. Zinamlaumu kwa jambo ambalo hana uwezo nalo. Mpeni mwenye nyumba nafuu katika ada ya ardhi mnayomtoza kila mwaka, kwa muda maalumu, akionyesha tangi linalofanya kazi. Muda ukiisha, asiyekuwa nalo alipe zaidi. Na pale ambapo paa bado ni la asbesto, maji yake yasivunwe hata kidogo. Paa lenyewe liondolewe kwanza.

Bwawa la Itare sitaliruka, kwa sababu ndilo jibu tulilokuwa tukipewa kila tulipouliza. Kule Ndoinet, Kuresoi Kusini, tuliahidiwa bwawa la zaidi ya shilingi bilioni 30 litakaloleta maji Kuresoi, Molo, Njoro, Rongai na mjini Nakuru. Kazi ilisimama 2018, mkandarasi wake, CMC di Ravenna ya Italia, alipoingia katika matatizo ya fedha. Vijana walioacha mashamba kwenda kufanya kazi pale walirudi nyumbani, na mifereji ikabaki kama ilivyokuwa. Likikamilishwa kwa uwazi na kwa kuwajali walio chini ya mto huo, ambao maji yake huelekea Ziwa Victoria, sitalipinga. Lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Miaka yote hii ya kuingoja Itare, mvua imeendelea kunyesha juu ya kila paa la Nakuru, na sijaona bajeti hata moja iliyoipa mvua hiyo nafasi ya kwanza.

Kuhusu maji yanayopotea njiani nitasema machache. Ripoti za WASREB, bodi inayodhibiti huduma za maji, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya lita 40 katika kila lita 100 zinazozalishwa nchini hazilipiwi: zimevuja, zimeibwa au mita imekosea. Bomba lililopasuka likimwaga maji barabarani kwa wiki nzima, hakuna mwananchi atakayeamini mahubiri ya kufunga mfereji anapopiga mswaki. Kampuni za maji za kaunti zitangaze kila mwezi, mtaa kwa mtaa, maji yaliyotolewa na yaliyopotea. Zitangaze pia kiwango cha floraidi cha kila kisima, kwa Kiswahili, kwenye ubao ulio kando ya kisima chenyewe, pamoja na visima vya watu binafsi wanaouza kwa bowza. Mama ana haki ya kujua anachomnywesha mwanawe.

Na tupande juu kidogo, kwenye chanzo. Mto Njoro huanzia katika msitu wa Mau Mashariki, ukapita Nessuit na Njoro, kando ya Chuo Kikuu cha Egerton, hadi ziwani. Wazee wa Njoro wanaukumbuka ukitiririka mwaka mzima. Siku hizi kuna miezi ambapo sehemu zake ni mawe tu, kisha ikinyesha unashuka ukiwa mwekundu kwa udongo wa mashamba. Mwaka 2001 serikali ilimega zaidi ya hekta 61,000 za msitu wa Mau, sehemu kubwa ikiwa Mau Mashariki, na jopo lililoundwa na Waziri Mkuu 2008 likakuta kwamba karibu robo ya msitu wote wa Mau ilikuwa imekwisha katika miongo miwili. Msitu huo ulikuwa ukiishika mvua ya Aprili na kuiachia hadi Januari. Tulipoufyeka tulivunja tangi kubwa kuliko lolote ambalo mkandarasi angeweza kutujengea.

Lakini kuulinda Mau kusiwe jina jipya la kuwafukuza Waogiek, wakazi asilia wa msitu huo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua Mei 26, 2017 kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa, na ikatoa amri ya fidia Juni 2022. Watu walioishi kwa asali wana kila sababu ya kuutaka mti usimame. Washirikisheni wao na wakulima wadogo wa mteremkoni, na muwalipe. Ndiyo, muwalipe. Katika bonde la mto Malewa, kwa msaada wa WWF na CARE, watumiaji wa maji wa Naivasha walikubaliana na wakulima wa juu, wa upande wa Turasha na Wanjohi: mkulima aliyepanda ukanda wa nyasi na miti, akaacha kulima hadi ukingoni mwa mto, alipewa vocha ya pembejeo kupitia vyama vya watumiaji maji. Udongo ulipungua mtoni, na mkulima akapata mbegu. Mji wa Nakuru hunywa maji ya Turasha, ambayo chanzo chake kiko Nyandarua, kaunti nyingine kabisa. Kiasi kidogo kwenye kila bili ya mjini, kikitengwa na kukaguliwa hadharani, kingeweza kuwafikia wakulima wa Kinangop na wa Mau Mashariki. Mimi niko tayari kukilipa, na naamini wengi watakilipa wakiona miti imesimama.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021. Tangu hapo watu wameongezeka na mashamba ya pembezoni yamekuwa mitaa. Kila paa jipya linaweza kuwa chanzo cha maji au chanzo cha mafuriko, na uamuzi hufanywa siku ramani inapogongwa muhuri katika ofisi yenu.

Makadirio ya bajeti lazima yafike katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30, wakati mvua zimeshaanza. Naomba bajeti ijayo ianze na shule za msingi na chekechea za umma: kila darasa lenye paa zima lifungwe gata, kila shule ipate matangi ya kutosha maji ya kunywa kwa muhula, na mtu mmoja alipwe kuyasafisha. Zianze shule za Njoro, Rongai na Gilgil, ambako meno ya watoto yanaonyesha wazi palipo na floraidi nyingi. Chekechea ni jukumu lenu kikatiba. Kwa shule za msingi, kaeni na Wizara ya Elimu mkubaliane, maana mtoto hajui mpaka wa serikali hizi mbili. Kisha leteni mswada wa majengo, na muuweke mezani kabla ya mwaka kuisha.

Wananchi wenzangu mnaosoma barua hii, vikao vya ushirikishwaji wa umma hutangazwa na kuhudhuriwa na wachache. Njooni. Muulize mwakilishi wadi wako ni shilingi ngapi zimetengwa kuvuna mvua katika wadi yako, na usitoke ukumbini kabla hajakujibu.

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa Nakuru